Je, Wajua? Masika Yameingia, Mtazame Punda Wako

Je, wajua kuwa majira ya kuchipua ya Kitale na Bungoma huletwa na mvua, si na jua? Ulaya mwenye farasi hungoja theluji iyeyuke. Huku kwetu nyasi hungoja masika ya Machi na Aprili, na Kitale, mji ulio karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, huendelea kunyeshewa hadi Oktoba hivi. Farasi wapo, ila ni wachache. Mnyama wa ukoo huo utakayekutana naye kila alfajiri, akivuta mkokoteni wa majerikani, matofali au magunia ya mahindi, ni punda. Kwa hiyo safu hii ni ya wote wawili, lakini punda atapewa nafasi kubwa, maana ndiye anayetufanyia kazi na ndiye anayesahaulika.

Je, wajua kuwa punda ni mzaliwa wa pande hizi? Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science ulionyesha kuwa binadamu alimfuga punda kwa mara ya kwanza Afrika Mashariki, yapata miaka 7,000 iliyopita. Farasi alifugwa mbali sana, kwenye nyika zilizo kaskazini mwa Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, na ni maelfu ya miaka baadaye.

Je, wajua kwa nini tetanasi inaitwa pepopunda? Sijui neno lingine la tiba katika Kiswahili lenye macho makali kama hili. Farasi na jamaa zake ndio wanyama wa kufugwa wanaodhuriwa upesi zaidi na sumu ya bakteria wa tetanasi, wanaoishi udongoni na kwenye kinyesi. Msumari ukimchoma ng'ombe ukwatoni, huenda akapona asijue mtu. Ukimchoma punda, baada ya siku kadhaa waweza kumkuta amekakamaa miguu kama meza, masikio wima, mkia umenyooka, taya limefunga. Chanjo ipo. Masika ndiyo wakati wa kuiulizia, maana matope huficha misumari, vipande vya chupa na mabati.

Je, wajua kuwa farasi na punda hawawezi kutapika? Mlango kati ya umio na tumbo hukaza kiasi kwamba kilichoingia hakirudi. Akila kibaya, hana njia ya kukitema tena.

Na tumbo lenyewe ni dogo ajabu. La farasi mzima huchukua lita 8 hadi 15 hivi, mnyama wa kilo 500! Ameumbwa kula kidogo kidogo mchana kutwa na sehemu ya usiku. Kazi kubwa ya kusaga nyasi hufanyika nyuma, kwenye utumbo mpana, ambako mabilioni ya vijidudu huchachusha makapi na kuyageuza kuwa nguvu. Vijidudu hivyo huzoea chakula fulani. Ukikibadilisha ghafla, vingi hufa, vingine huzidi, gesi na tindikali hujaa, na mnyama hushikwa na msokoto wa tumbo: anajigeukia ubavuni, anaparura ardhi, anajigaragaza, anatoka jasho bila kazi.

Ndiyo maana wiki ya kwanza ya majani mabichi ni ya kuogopwa. Mnyama aliyekula mabua makavu ya mahindi tangu Desemba asifunguliwe kwenye nyasi changa kutwa nzima. Mpe mabua kwanza, ashibe nusu, kisha umtoe kwa saa moja. Kesho ongeza kidogo. Siku kumi hadi kumi na nne zatosha.

Je, wajua kuwa mabua hayo tunayoyadharau ni chakula kizuri cha punda? Mwili wake umejengwa kwa nchi kavu, na hupata nguvu kwenye makapi ambayo farasi angekondea. Hula kwa siku kiasi cha kilo moja na nusu ya chakula kikavu kwa kila kilo 100 za uzito wake. Punda wa kilo 150 atatosheka na kilo mbili na kitu, akiongezewa kidogo anapofanya kazi nzito. Sharti ni moja: mabua yawe makavu na safi, yasiwe na ukungu.

Hapo kwenye ukungu nataka tukae.

Je, wajua kuwa sumu inayomwua punda upesi Trans Nzoia na Bungoma yaweza kuwa ndani ya gunia la mahindi? Kuna kuvu anayeitwa Fusarium verticillioides. Huanzia shambani, gunzi likiwa bado kwenye bua, na huacha punje zenye rangi ya waridi, nyeupe au zenye michirizi kama miale. Hutoa sumu iitwayo fumonisini. Watafiti wa Afrika Kusini waliitambua mwaka 1988, na mwaka huohuo ikathibitishwa kuwa ndiyo inayosababisha ule ugonjwa wa ajabu ambao wakulima wa nchi nyingi walikuwa wakiuona kwa farasi waliolishwa mahindi yaliyooza: ubongo, sehemu ile nyeupe ya ndani, unayeyuka.

Hakuna mnyama wa kufugwa anayedhuriwa na sumu hii kama farasi na punda. Ng'ombe huistahimili kwa kiasi kikubwa, na hilo ndilo linalotudanganya. Mahindi yaleyale, zizi lilelile, ng'ombe mzima, punda amelala chini. Dalili huweza kuchelewa wiki kadhaa tangu aanze kuyala: anaacha kula, mdomo unalegea, anazunguka upande mmoja, anagonga ukuta kana kwamba haoni, anasukuma kichwa kwenye mti. Zikishaonekana, wengi hufa ndani ya siku chache. Dawa ya kuigeuza sumu hiyo hakuna.

Sasa fikiria kalenda yetu. Mahindi ya Kitale huvunwa kuanzia Oktoba. Kufikia masika yaliyobaki ghalani ni ya chini, yaliyopata unyevu, yaliyotobolewa na fukusi. Mama anayachambua: mazuri yaende kwenye kinu, mabaya kwa wanyama. Nilipokuwa mtoto kazi ya kuwapelekea punda yale mabaya ilikuwa yangu, na niliifanya kwa furaha, nikiamini nawapa zawadi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu mahindi ya magharibi mwa Kenya ulikuta fumonisini katika karibu nusu ya sampuli, nyingi kwa kiwango kidogo. Kiwango hupanda hasa kwenye punje zilizovunjika, chenga na vumbi la gunia, yaani yaleyale tunayoyatenga. Kwa hiyo, tafadhali: yaliyooza yaende kwenye shimo la mboji. Punda asiyaonje.

Je, wajua kuwa hata pumba safi za mahindi zina hila yake? Zamani huko Ulaya farasi wa wenye vinu vya kusaga walikuwa wakivimba mifupa ya uso mpaka ugonjwa ukapewa jina la wasaga unga. Sababu ni kuwa pumba zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana. Mwili, ukitafuta kalsiamu, huichota kwenye mifupa yake wenyewe. Mnyama anachechemea leo mguu huu, kesho ule, kisha taya linanenepa na meno yanalegea. Punda anayeshinda kwenye kinu cha posho akilamba pumba kutwa yumo kwenye hatari hiyohiyo. Kipimo cha kushika: kalsiamu isiwe pungufu ya fosforasi kwenye mlo wake, na ikifika mara moja na nusu ya fosforasi ni bora zaidi. Majani ya alfalfa au desmodiamu husaidia, na chokaa ya mifugo pia.

Na je, wajua kuwa jina la Nandi linatajwa na wafugaji wa farasi wa Australia, tena kwa tahadhari? Nyasi za setaria aina ya Nandi zilitoka huku kwetu zikapelekwa huko kwa malisho ya ng'ombe. Ng'ombe walinawiri. Farasi waliolishwa hizo pekee walivimba uso, kwa sababu setaria ina oksaleti nyingi, na oksaleti huifunga kalsiamu isifyonzwe. Nyasi za kikuyu, zenye jina la Kikenya vilevile, zina tabia hiyo. Nyasi za Boma Rhodes hazina, na zinaota vizuri Trans Nzoia. Ukiwa na farasi Kitale, panda Boma Rhodes.

Je, wajua kuwa kampuni ya Kenya Seed, iliyoanzishwa Kitale mwaka 1956, haikuanza na mahindi? Ilianza na mbegu za nyasi za malisho. Mahindi chotara ya H611 yalikuja mwaka 1964 na kuifunika historia hiyo.

Je, wajua kuwa chakula cha kuku chaweza kumwua farasi? Baadhi ya vyakula vya kuku na ng'ombe hutiwa monensini, dawa inayozuia koksidia kwa kuku. Kwa farasi na punda hushambulia misuli ya moyo, na kiasi kidogo tu chatosha kuua. Usimwagie punda mabaki ya ndoo ya kuku, hata kama anayatamani.

Je, wajua kuwa dawa ya kupe ya ng'ombe yenye amitrazi si ya punda? Husimamisha matumbo yake yasisukume chakula, kinagandamana ndani. Ng'ombe akiogeshwa kwa amitrazi, punda asipitishwe foleni hiyo. Soma kibandiko, au muulize mwenye agroveti, na ukitaja mnyama sema wazi kuwa ni punda.

Parachichi je? Miti yake imejaa kila boma kuanzia Kimilili hadi Kiminini. Majani, maganda na tunda lenyewe vyaweza kumvimbisha farasi kichwa, shingo na kiwele, na kumdhuru moyo. Mfunge mahali pengine.

Je, wajua kuwa punda hushindwa na mvua kuliko farasi? Manyoya yake hayamwagi maji vizuri. Farasi mwenye afya huweza kusimama kwenye manyunyu ngozi yake ikabaki kavu, wakati punda hulowa hadi ndani. Akilowa siku nzima huku baridi ya Mlima Elgon ikishuka jioni, hupata kichomi na magonjwa ya ngozi. Mojawapo huacha magamba mgongoni, na ukiyang'oa yanatoka na vishungi vya manyoya kama brashi ndogo. Kiini chake ni bakteria aitwaye Dermatophilus congolensis, na jina hilo la pili linatokana na Kongo, ambako alielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1915. Paa la mabati manne na ukuta upande wa upepo vitazuia mengi kuliko dawa yoyote.

Je, wajua kuwa ukwato hukua kila mwezi kati ya nusu sentimita na sentimita moja? Kiangazi barabara huusugua. Masika ardhi ni laini, haisuguki, na ukwato huwa mrefu, hupasuka, huinua kisigino. Matope nayo huoza ile sehemu laini ya pembetatu chini ya wayo. Utaijua kwa pua kabla ya macho: harufu mbaya na uchafu mweusi kwenye mifereji. Kila jioni inua kila mguu, chokoa matope ukianzia kisigino kwenda ncha, kisha msimamishe mahali pakavu. Wiki sita hadi nane zikipita, aje mtu anayejua kuchonga kwato. Panga si chombo cha kazi hiyo.

Na akisimama amejivuta nyuma, ameegemea visigino, hataki kugeuka, na ukishika kwato zina joto? Huo ni uvimbe wa ndani ya ukwato. Mara nyingi huja baada ya mnyama kuvamia punje za mahindi au kushiba majani mabichi mengi kuliko kawaida yake. Usimlazimishe kutembea. Mlaze kwenye vumbi la mbao au mchanga, mtoe kwenye chakula hicho, umwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Je, wajua ni kwa nini farasi hawakuwahi kuenea kirahisi katika sehemu kubwa ya Afrika? Kuna ugonjwa wa virusi unaobebwa na visubi, wale wadudu wadogo kuliko mbu wanaouma jioni na alfajiri. Katika farasi wasio na kinga, aina kali yake huweza kuua tisa kati ya kumi. Povu hutoka puani, na mnyama aliyeonekana mzima asubuhi huwa maiti kesho yake. Punda mara nyingi huupata bila hata kuugua, na punda milia ndiye anayeuhifadhi porini. Visubi huzaliana kwenye udongo wenye maji na kinyesi, kwa hiyo mvua ni sherehe yao. Mwenye farasi achanje kabla ya masika, na amwingize bandani kabla jua halijatua.

Mbung'o nao wapo, hasa kando ya mito kuelekea Teso na Busia. Punda akikonda ilhali anakula, ufizi ukapauka, akavimba chini ya tumbo, apimwe damu kutafuta nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o hao. Usimchome sindano ya ng'ombe kwa kubahatisha: baadhi ya dawa za nagana zina madhara makali kwa punda.

Je, wajua kuwa minyoo hupanda majani? Mayai hutoka na kinyesi, huanguliwa kwenye unyevu, na mabuu hutambaa juu ya nyasi zenye umande kumngoja mlaji. Kuzoa kinyesi malishoni mara mbili kwa wiki huvunja safari yao, na shamba la sukuma wiki linapata mbolea. Vijidoa vya njano vilivyogandamana kwenye manyoya ya miguu ya mbele ni mayai ya nzi ambaye mabuu wake huishi tumboni. Yakwangue.

Je, wajua kuwa meno ya farasi na punda huchomoza maisha yote, milimita mbili hadi tatu kwa mwaka? Yakisuguana vibaya hutoa ncha kali zinazokata mashavu. Punda anayedondosha mabunda ya majani yaliyotafunwa nusu ana maumivu kinywani.

Maji: farasi hunywa lita 25 hadi 50 kwa siku, punda lita 10 hadi 25. Punda hukataa maji machafu hata akiwa na kiu kali. Mvua isitudanganye kuwa amekunywa. Kila siku anabeba majerikani ya watu wengine. Apate ndoo yake safi kabla ya safari na baada yake, na jiwe la chumvi pembeni.

Je, wajua kuwa punda hubeba mimba miezi 12, na wakati mwingine hupitiliza hadi 14? Farasi ni miezi 11. Mtoto akizaliwa, hesabu saa: ndani ya saa moja asimame, ndani ya mbili anyonye, ndani ya tatu kondo la nyuma liwe limetoka. Dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, ndiyo kinga yake. Hakupokea ya kutosha tumboni mwa mama, na utumbo wake huipokea kwa saa chache tu.

Je, wajua kuwa punda asiyekula ni dharura? Akifunga siku moja au mbili, mwili humwaga mafuta kwenye damu kuliko ini linavyoweza kuyahimili, na hufa kwa hayo hata kama ugonjwa wa kwanza ulikuwa mdogo. Naye huuficha ugonjwa. Hapigi kelele wala hajigaragazi sana kama farasi. Huinamisha kichwa tu, masikio yakalegea. Watu hupita wakisema ametulia.

Twasema shukrani ya punda ni mateke. Je, umewahi kutazama chini ya tandiko lake? Kamba ya nailoni iliyolowa hukata ngozi kama msumeno, na jeraha la masika halikauki, nzi hutaga humo. Kitambaa cha pamba, mkanda mpana, na mzigo uliopunguzwa njia inapokuwa tope: jaribu hivyo wiki mbili, kisha uhesabu mateke.

Je, wajua wamebaki wangapi? Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8 nchini Kenya. Ya mwaka 2019 ilihesabu milioni 1.2 hivi. Katikati ya miaka hiyo, kuanzia 2016, vichinjio vilifunguliwa kwa ajili ya ngozi zinazochemshwa China kuwa dawa iitwayo ejiao. Ripoti ya taasisi ya utafiti ya KALRO ilionyesha punda wapatao 300,000 walichinjwa kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018. Serikali ilipiga marufuku Februari 2020, mahakama ikaitengua mwaka uliofuata, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Mtoto wa punda hungojwa mwaka mzima na zaidi. Pengo hilo halizibiki upesi, na wanaolipia gharama ni akina mama waliorudi kubeba maji kichwani.

Je, wajua kuwa Lamu kuna kituo cha matibabu ya punda tangu mwaka 1987?

La mwisho. Je, wajua kuwa farasi na punda husinzia wakiwa wamesimama, miguu imejifunga yenyewe isikunjike, lakini usingizi mzito wenyewe huupata wakiwa wamelala chini? Hawalali chini penye matope, wala mahali wasipopaamini. Punda aliyefungwa kwenye tope wiki nzima amekesha wiki nzima. Leo jioni mwagie mabua makavu chini ya paa. Alfajiri, kabla hujamfunga mkokoteni, tazama mabua hayo kama yamelaliwa, na kama manyoya ya ubavu wake yamebeba vipande vyake.